Uzito wa Gunia Redioni: Sifa ya Mtangazaji wa Habari za Mikoani

Utangazaji wa habari za uchumi na utawala wa mikoani katika redio ya umma, yaani redio inayowajibika kwa wananchi wote, ni ufundi unaostahili heshima kuu, kwa kuwa hubeba mambo mazito kwa sauti inayosikika mara moja na kupita, wakati msomaji wa gazeti anaweza kurudia sentensi iliyomtatiza. Nchini Tanzania ufundi huo ulianza na Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, ukakuzwa na Radio Tanzania Dar es Salaam baada ya uhuru, na tangu mwaka 2007 umekuwa mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC.

Ubora wake hupimwa na mkulima wa Kwamndolwa, kata ya Mji wa Korogwe, au wa kijiji kimoja wilayani Handeni, anaposikiliza bei ya mahindi. Tangazo linalotaja bei ya gunia bila uzito wake humwacha gizani, kwa sababu sokoni ipo lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo na kushonewa nyongeza juu, ambalo mnunuzi hulilipia kama gunia la kawaida ingawa sheria ya vipimo imeweka ukomo wa kilo 100. Mtangazaji stadi hutaja bei kwa kilo, hutaja soko na siku, kisha hutenganisha bei ya shambani, anayolipwa mkulima mlangoni pake, na bei ya Dar es Salaam, ambayo ndani yake mna nauli, ushuru na faida ya dalali.

Ufundi huo hudai pia kueleza chanzo cha mambo. Mkonge ulioletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893 uliujenga uchumi wa Tanga, hata nchi ikazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, kabla ya nyuzi za viwandani zitokanazo na mafuta ya petroli kuteka soko la kamba duniani. Mwandishi anayeripoti kutoka mashamba ya Korogwe bila kuunganisha soko hilo la mbali na ujira wa mkata mkonge huwa ametoa taarifa nusu, kwa maana msikilizaji atajua kwamba kipato kimeshuka asijue kilichokishusha.

Katika masuala ya utawala, uadilifu huonekana katika idadi ya pande zinazosikilizwa. Kijiji cha Msomera wilayani Handeni kilipoanza kupokea familia kutoka Ngorongoro mwaka 2022, habari kamili ilihitaji sauti za wahamiaji, za wenyeji waliokuwa wakilima na kuchunga hapo, na za viongozi, kila upande ukiulizwa kuhusu ardhi, maji, malisho na fidia, ambayo ni malipo ya kufidia mali au haki iliyotwaliwa.

Kwamba redio yaweza kugeuza usikivu kuwa tendo lilithibitika mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza, wakajadili vipindi, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Vipindi viliandaliwa kwa lugha nyepesi, vikaambatana na vitabu na viongozi wa vikundi, na kila somo likaishia katika kazi ya kufanywa kijijini.

Hicho ndicho kipimo cha haki kwa habari za mikoani leo. Mtangazaji anayestahili kusifiwa ni yule ambaye, akimaliza kusoma, mkulima anajua kama auze leo au asubiri, na mwananchi anaingia mkutano wa kijiji akiwa na swali mahususi kuhusu mapato na matumizi, swali ambalo mwenyekiti hana budi kulijibu mbele ya wote.