Zimwi Lililokosa Fedha

Kwetu Malolo, Kilosa, zimwi la hadithi linahitaji giza na sauti ya bibi tu. La Yoshimitsu Banno wa Japani lilihitaji fedha. Mwaka 1971 aliongoza filamu ambamo Godzilla anapigana na dubwana lililonenepa kwa uchafu wa viwanda. Miaka ya 2000 akapanga nyingine, ya dakika kama 40, kwa skrini kubwa za IMAX. Fedha hazikupatikana; mradi ukaishia kuwa filamu ya Marekani ya 2014, naye akatajwa mtayarishaji mtendaji. Alifariki 2017. Zimwi likujualo halikuli likakwisha: jina lake lilibaki. Hata hivyo, ndugu msomaji, naona tulipunjwa. Filamu ya 2014 inatisha kwa ukubwa. Ya 1971 ilitutisha kwa moshi wetu wenyewe.