Mbao za Jack Rabbit

Rola kosta ya mbao haijengwi ikaisha. Mvua huivimbisha, jua huikausha, na uzito wa magari hulegeza misumari msimu mzima. Ndiyo maana kabla abiria wa kwanza hajaketi, mafundi huifuata reli kwa miguu, wakikaza kilicholegea na kuweka alama kwenye ubao ulioanza kuoza. Mafundi hao ndio ninaowasifu.

Jack Rabbit, rola kosta ya mbao, ipo Kennywood, bustani ya michezo karibu na Pittsburgh, jimboni Pennsylvania, na imekuwa ikibeba watu tangu 1920. Mbunifu wake, John Miller, aliyakuta makorongo akayatumia yalivyo: mteremko mkubwa unazama futi 70, kama meta 21, kwa kuwa bonde lenyewe limeongeza kina. Tena haushuki kwa mkupuo mmoja. Unashuka, unajinyoosha kidogo, kisha unaporomoka upya. Hapo abiria huinuka vitini na mayowe yakatanda gari zima. Kinacholizuia gari lisiruke nje ni magurudumu yanayopita chini ya reli, ubunifu wa Miller mwenyewe alioupatia hataza mwaka 1919. Kwangu huo ndio uhandisi wenye utu: alitafuta kwanza namna ya kuwashikilia watu, ndipo akathubutu kuwarusha.

Reli yenyewe ni tabaka za mbao zilizopigiliwa moja juu ya nyingine, na juu kabisa ukanda wa chuma unaokanyagwa na magurudumu. Kwa hiyo seremala anaweza kutoa kipande kilichochoka bila kubomoa mlima mzima. Lakini ubao mpya sharti ufuate mpindo uleule wa zamani. Ukikosea kidogo, mbavu za abiria zitakueleza. Wapo wanaouliza, mbao zikishabadilishwa mara nyingi, cha kihistoria kimebaki wapi? Kimebaki kwenye mpindo, na kwenye mikono inayojua kuurudia.

Mwaka 1927 Miller aliiongezea Kennywood rola kosta nyingine, Racer. Treni mbili huondoka sambamba zikishindana, nawe ungeapa kwamba ni reli mbili. Kumbe ni njia moja iliyojisokota: treni iliyoondokea kushoto hurejea kulia. Fundi anayeikagua kwa miguu kuanzia upande mmoja atakuwa ameupita na wa pili kabla hajarudi pale alipoanzia.