Mwachie mwenzako kalamu yake

MAJUZI mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Msambweni, alinionyesha kwenye simu hadithi inayoandikwa kwa zamu na vijana wanne wa pwani ya kusini. Kila mmoja ana mhusika wake. Huyu akiandika aya, yule humjibu kwa aya nyingine, kisa kikasonga. Akaniuliza: "Prof, hii nayo ni fasihi?"

Ni fasihi, tena si ngeni kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa Vita vya Kuduhu, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi. Kila upande ulirusha shairi lake, kisha ukangoja. Malenga aliweza kumkejeli hasimu wake atakavyo. Kumtungia jibu, hapana.

Hapo ndipo vijana wetu wanapoteleza. Katika onyesho la ufuoni Diani, mmoja aliandika: "Nilimzaba kofi, akaanguka, akalia na kuniomba msamaha." Lo! Aliyezabwa ni mhusika wa mwenzake. Kofi ni mali ya mwandishi, sawa. Lakini kuanguka, kulia na kuomba msamaha si vyake. Mwenzake abaki na nini cha kuandika? Alijibu "haya" tu, na onyesho likafia hapo. Ingetosha kuandika: "Niliinua mkono nimzabe kofi." Basi. Mwingine ndiye aamue kama ataukwepa mkono, ataudaka, au atalipokea kofi kisha acheke.

Kasoro ya pili ni ya sauti. Mvuvi wa Funzi anasema: "Ni dhahiri kwamba hali ya bahari haituruhusu kusafiri." Huyo ni mvuvi au msoma taarifa ya habari? Funzi ni kwa wasemaji wa Chifundi. Kama mwandishi haijui lahaja hiyo, asiigize kwa kubahatisha, ampe mvuvi sentensi fupi za mtu wa kazi: "Bahari imechafuka. Leo hatutoki."

Aliyenifurahisha ni binti anayeigiza bibi muuza mahamri wa Ukunda. Bibi anaulizwa kama amemwona kijana aliyetoroka. Anajibu: "Mie natazama mafuta yangu yasiungue, mwanangu. Nani kapita, sijui." Hakukiri, wala hakukana waziwazi. Amemwachia muulizaji kazi ya kufanya, na aya tatu zilizofuata zilizaliwa na jibu hilo.

Walimu wenzangu hulalama kwamba simu zinaua Kiswahili. Hawa wanakiandika usiku, bila mtihani wala alama. Tukiwafokea, watahamia Kiingereza na mchezo wao. Tukiwasoma na kuwakosoa kama tunavyokosoa tamthilia, tutapata waandishi.

Nilipomrudishia simu, kijana aliinamisha kichwa. "Prof, ile ya kofi ni yangu."

Nikamwambia: "Basi ifute, umrudishie mwenzako kalamu yake."