Ufundi wa Chembe Zinazolingana

Kupata chembe ndogo ya metali si jambo gumu kwa mkemia. Kilicho kigumu, na kinachostahili sifa, ni kuzipata chembe zisizohesabika zinazolingana, kila moja ikipimwa kwa nanometa, yaani sehemu moja kwa milioni ya milimita. Mwaka 2000 Shouheng Sun, Christopher Murray na wenzao wa IBM walichapisha namna ya kupika chembe za aloi ya chuma na platini zenye upana wa nanometa 3 hadi 10, zikitofautiana kwa chini ya asilimia 5.

Msombo wa platini huyeyushwa pamoja na asidi oleiki, ile iliyojaa katika mafuta ya zeituni, hewa ikiwa imeondolewa, kisha hutiwa kwa sindano kabonili ya chuma, kimiminika chenye sumu kali ambacho huvunjika kwa joto na kuachia chuma chake. Joto likikaribia nyuzi 300 za Selsiasi, rangi ya manjano huwa imekwisha kugeuka nyeusi. LaMer na Dinegar, waliochunguza chembe za salfa, walieleza mwaka 1950 kwamba viini vikizaliwa kwa mkupuo mmoja, na baadaye vikakua bila vipya kuongezeka, hulingana. Nayo asidi hung'ang'ania uso wa kila chembe, mkia wake ukielekea nje, hata zisigandamane.

Chembe hizo changa hazidumishi usumaku, kwa kuwa atomi zake zimechanganyika bila mpango na joto la kawaida huzigeuzageuza ncha zake. Kwa tabibu hiyo ni neema, kwani chembe inayopoteza usumaku mara sumaku ya nje inapoondolewa haivutani na nyingine ndani ya damu. Anayetaka kuhifadhi data, kinyume chake, hana budi kuzipasha hadi nyuzi 500 au zaidi, ili chuma na platini vijipange tabaka kwa tabaka; lakini moto huo huo huunguza asidi, chembe zikashikamana na ulinganifu wote ukapotea. Dawa iliyobuniwa baadaye inapendeza kwa wepesi wake: chembe huchanganywa na unga laini wa chumvi ya kawaida kabla ya kupashwa, kisha chumvi huoshwa kwa maji, nazo hutoka zikiwa sumaku za kudumu na bado zimetengana.