Kupanda kwa Hesabu

Ukitoka Bédoin, kusini mwa Ufaransa, kwa baiskeli kuelekea kilele cha Mont Ventoux, kilomita 5 za mwanzo hazitishi. Barabara inapita kati ya mashamba ya mizabibu, inapanda taratibu, na miguu bado ina nguvu. Mpandaji mgeni hujimaliza hapo hapo. Anajiona yuko vizuri, anaongeza kasi. Kisha kwenye kona ya Saint-Estève barabara inaingia msituni, na kwa karibu kilomita 10 mwinuko unakuwa wa asilimia 9 na zaidi, bila sehemu ya kupumulia wala upepo wa kukausha jasho. Kwenye Chalet Reynard miti inakwisha. Zinabaki kilomita 6 za mawe meupe matupu, na mnara wa kileleni, mita 1,909 juu ya bahari, unaoonekana mapema mno.

Watazamaji wengi wa mbio za baiskeli za Tour de France husubiri hizo kilomita za mwisho. Mimi husubiri zile za mizabibu. Hapo ndipo wapandaji hodari wanapoonekana kama hawafanyi kitu: wanakunywa maji, wanafungua zipu ya jezi, wanawaacha wenye haraka wapite. Nguvu za mlimani hugawiwa kama maji ya safari, na anayejua kazi yake huanza kuzigawa kabla hajaona kiu.

Wafaransa humwita mtu wa kazi hii grimpeur, yaani mpandaji, na jina hilo hutumika leo hata katika timu ambazo Mfaransa ni mmoja au hayupo kabisa. Kwa kawaida ni mtu mwepesi. Mwinuko wa asilimia 8 maana yake ni kwamba kila mita 100 za barabara unajibeba mita 8 kwenda juu, na kila kilo ya ziada inabebwa nawe. Kwenye barabara tambarare unaweza kujificha mgongoni mwa mwenzako akukingie upepo. Mlimani kasi ni ndogo, kwa hiyo kinga hiyo haisaidii sana, na kila mtu anabaki na mapafu yake.

Milima yenyewe haiitwi kwa jina moja. Côte ni kilima, hata kama kinachoma. Col ni mapito, pale safu ya milima inaposhuka kidogo na kuruhusu barabara kuvuka kwenda upande wa pili. Tourmalet katika Pyrenees, mita 2,115, ni col. Galibier katika Alpes, mita 2,642, ni col. Anayeshambulia kwenye col huwa anajua kwamba mbele yake kuna mteremko, pengine na bonde refu lenye upepo, ambako kundi linalomfukuza litakula sekunde zake zote. Mlima unaokwisha na utepe wa kumalizia juu kabisa ni kazi nyingine, na waliobobea huupanda kwa mahesabu mengine.

Waandaaji huipanga milima kwa madaraja, kuanzia la 4 lililo jepesi hadi la 1. Tangu 1979 ipo pia ile inayoitwa hors catégorie, iliyopita madaraja yote. Anayezoa pointi nyingi zaidi za milima huvaa jezi nyeupe yenye madoa mekundu, iliyoanza kuvaliwa 1975. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot wa Eritrea aliivaa, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo.

Lakini madaraja ni ya karatasini. Ufundi uko kwenye lacet, zile kona za kupinda hadi unarudi ulikotoka. Alpe d'Huez ina 21 katika kilomita 13.8, nazo zimepewa namba kwa kushuka, 21 ikiwa chini na 1 juu, kila moja na kibao chenye jina la mshindi wa hapo, akiwemo Fausto Coppi aliyeshinda mara ya kwanza mlima huo ulipopandwa, mwaka 1952. Ndani ya kona barabara ni fupi lakini imesimama. Nje ni ndefu zaidi lakini karibu tambarare. Mpandaji aliyechoka hukimbilia ndani kwa kupunguza mita. Mjuzi hupanua, anapita nje, anaipa miguu mizunguko michache ya nafuu, kisha anatoka kwenye kona na kasi ambayo mwenzake ameipoteza.

Halafu kuna kusimama juu ya pedali, ambako Wafaransa hukuita en danseuse kwa sababu mwendeshaji huyumba kama mcheza dansi. Mtazame kwa makini anayekuweza. Kabla ya kusimama anaweka gia nzito kidogo, kwa kuwa miguu itazunguka polepole zaidi. Anainuka wakati mguu unapokandamiza chini, si kabla, kwa sababu anayeinuka ovyo baiskeli yake husita na kurudi nyuma kidogo, na anayemfuata humgonga gurudumu. Mikono inavuta usukani upande wa mguu unaosukuma. Baiskeli inalala kushoto, inalala kulia, kifua kinabaki palepale. Kusimama kunapumzisha misuli fulani lakini kunakula hewa, kwa hiyo hutumika kwa kipimo.

Wako wasiohitaji sana kusimama. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundwa na David Kinjah huko Kikuyu, alimwacha mpinzani wake Alberto Contador kwenye Ventoux tarehe 14 Julai 2013 akiwa amekaa kwenye kiti, miguu ikizunguka kwa kasi ya ajabu. Wengi waliona si mtindo wa kupendeza. Kwangu ni kati ya mambo mazuri kabisa niliyowahi kuona mlimani, kwa jinsi kiwiliwili kilivyotulia huku miguu ikifanya yote.

Kushuka nako ni nusu ya kazi. Zamani watazamaji kileleni waliwapa waendeshaji magazeti, nao waliyasokomeza kifuani chini ya jezi, kwa sababu jasho la kupanda likikutana na upepo wa mteremko mwili hukakamaa. Kwenye kona mguu wa nje unashushwa, uzito wote unaukalia, macho yanatazama kona inapotokea.

Na mteremko ndio uliomwangusha Eugène Christophe mwaka 1913, alipokuwa anaelekea kushinda Tour. Akishuka Tourmalet, foki ya baiskeli ilikatika. Sheria ilikataza msaada wowote, basi akaibeba baiskeli akitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 10 hadi Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwenye karakana ya mhunzi na kuiunga mwenyewe, wasimamizi wakiwa wamesimama wanamtazama. Alikuwa na bahati moja: kabla ya mbio alikuwa fundi makufuli, na moto na chuma alivijua. Lakini mikono miwili haitoshi kushika chuma, nyundo na mivukuto, na mtoto mmoja akamvukutia. Kwa hilo aliadhibiwa kwa kuongezewa muda.

Nyuma ya wapandaji wote huja kundi ambalo kamera hulitafuta kwa nadra, nalo ninaliheshimu kupita kiasi: wenye miili mizito ya kukimbilia utepe kwenye tambarare. Mlimani hujikusanya pamoja, na kundi lao huitwa autobus. Kila siku ina muda wa mwisho unaopigwa kwa asilimia ya muda wa mshindi, na atakayechelewa anatolewa mashindanoni. Kwa hiyo yumo mmoja anayepiga hesabu kwa ajili ya wote: dakika ngapi zitapotea kupanda, ngapi zitarudishwa kwa kushuka bila woga, kasi gani hata aliye dhaifu kuliko wote ataimudu. Tarehe 4 Julai 2021, Mark Cavendish alifika Tignes kwenye Alpes kwa njia hiyo, wachezaji wa timu yake wakimsindikiza mlima baada ya mlima, akaingia ndani ya muda kwa tofauti ndogo. Wakapumzika siku moja. Tarehe 6, mjini Valence, barabara ikiwa tambarare, Cavendish akashinda.