Washa ya Tundu la Milimita 6

Baiskeli ilinyamaza, watu wakapiga makofi, na mimi nikajua pistoni ile haifiki jioni. Mliokuwa Ngamiani, Tanga, Jumamosi mliona kila kitu: Phoenix nyeusi, injini ya stroki mbili katikati ya fremu, kopo la ekzosi likifunguliwa na kuchokorwa, kisha ile washa. Gasketi mpya ya flenji, raba kwenye vishikio na mchanganyiko wa petroli na oili wa 25 kwa 1 vilikuwa sawa, fundi apewe haki yake. Ninayotaka tuizungumzie ni washa.

Bomba la kutokea la kopo lile nililipima mwenyewe, tundu lake ni milimita 12. Fundi wetu alisokomeza stilwaya ya kusugulia masufuria ndani ya kopo mpaka likajaa, akafunga kifuniko, halafu akachomelea mdomoni washa yenye tundu la milimita 6. Mtu akisikia 12 imekuwa 6 hudhani njia imebaki nusu. Eneo la tundu hufuata kipenyo mara kipenyo, kwa hiyo iliyobaki ni robo. Robo tatu ya njia ya moshi ilizibwa kwa kipande cha chuma cha bei ya pipi, na hapo bado hatujaihesabu stilwaya.

Ingekuwa stroki nne, kama Boxer ya bodaboda, ningenung'unika na kwenda zangu. Stroki nne ina vali, na pistoni hupanda safari nzima kwa kazi moja tu ya kusukuma moshi nje. Stroki mbili haina nafasi hiyo. Poti ya moshi na poti za mchanganyiko mpya huwa wazi pamoja kwa kitambo, na mchanganyiko unaoingia ndio unaoufukuza moshi wa zamani. Ziba mlango wa kutokea, na anayeingia atakwama mlangoni. Moshi unabaki ndani ya silinda, petroli inaingia kidogo, na kwa kuwa oili husafiri ndani ya petroli hiyo hiyo, ulainishaji unapungua huku joto likipanda. Kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, injini hii huwaka zaidi ya mara 80 kila sekunde, na kila mara moshi wake unatakiwa upite kwenye kile kitundu.

"Mzee, sikia ilivyotulia!" fundi wetu, kijana bado, aliniambia, uso umejaa furaha. Niliisikia. Ilikuwa imekabwa koo. Mzunguko wa kwanza ilikwenda kwa uvivu, na hapa Tanga mjini hakuna hata mlima wa kusingizia. Mzunguko wa pili rangi ya kopo ilianza kutoa malengelenge karibu na flenji, na tone la maji nililodondosha kwenye mapezi ya silinda liliruka na kupotea kabla halijatulia. Nilisema isimamishwe, haikusimamishwa. Mzunguko wa tatu injini ikanoki, tairi la nyuma likakaza ghafla na kuserereka, na mwendeshaji akanusurika kwa sababu miguu yake ilikuwa mirefu. Silinda ilipovuliwa, mikwaruzo ya pistoni ilikuwa upande wa poti ya moshi, mahali pale pale panapopata joto kuliko pote. Stilwaya ilitoka ikiwa donge jeusi lililolowa oili.

Nimeshaandika mara nyingi na sitachoka: injini hizi zinazouzwa kwa jina la "80" si 80. Silinda ina kipenyo cha milimita 47, pistoni inasafiri milimita 38. Zidisha eneo la duara la silinda kwa safari hiyo, utapata sentimita za ujazo 66. Kwa kelele jambo hili lina uzito, kwa sababu mafundi wa zamani walianzia kwenye ujazo: sailensa, yaani kopo la ekzosi, iwe na nafasi isiyopungua mara kumi ya ujazo wa injini. Kumi mara 66 ni 660, na kopo la kipenyo cha sentimita 6 na urefu wa sentimita 25 linatoa karibu 700. Moshi ukipata uwanja wa kutanuka, ule mshindo wake unavunjika wenyewe.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa fundi wa Vespa Unguja. Sailensa ya Vespa ni boksi pana lililojificha chini ya sakafu. Mzee alikuwa akiivua, anaichoma moto mpaka masizi yote yamekauka, anaigonga kwa nyundo ya mbao na kuirudisha. Sikumwona hata siku moja akipunguza tundu. Na mhandisi Walter Kaaden, kule kiwanda cha pikipiki cha MZ, Zschopau, Ujerumani Mashariki, alionyesha bomba la stroki mbili ni sehemu ya injini yenyewe. Mabomba yake yalipiga kelele kweli, hilo nalikubali, lakini mwaka 1961 injini yake ya 125cc ilifikia nguvu farasi 25, kwa umbo la bomba linalovuta moshi nje kisha kurudisha silindani mchanganyiko uliotoroka. Mwaka huo huo mwendeshaji wake Ernst Degner alitorokea Magharibi na kupeleka siri hizo Suzuki, na mwaka 1962 Suzuki ikatwaa ubingwa wa dunia wa 50cc. Watu walihatarisha maisha kwa umbo la bati. Sisi tunalichomelea washa.

Kijana alitakiwa kuongeza ukubwa wa kopo, ndani yake apitishe bomba lenye matundu madogo mengi, na faibaglasi aizungushe nje ya bomba hilo ili moshi upite katikati bila kizuizi. Bomba la kutokea libaki na kipenyo chake, liongezwe urefu tu. Kisha chujio la hewa lijengewe kisanduku, maana sehemu ya kelele mnayoilaumu ekzosi inatoka mdomoni mwa kabureta.

Pistoni na ringi mpya ameshanunua. Nimemwambia asifunge kitu mpaka Jumamosi. Bati la kopo jipya nimekata, sentimita 25, na kifuniko tutakibana kwa nati bila kuchomelea, masizi yakijaa kifunguliwe kwa spana.