Mchagua Mashine

Kiswahili kina methali mbili zinazomtaja mtu anayechagua, na zote mbili hazimtaji kwa wema. Mchagua jembe si mkulima. Mchagua nazi hupata koroma. Mtu amesimama mbele ya vitu viwili, anavipima mkononi, anauliza, na lugha inamtazama kwa shaka: huyu kazi haitaki, au tamaa imemzidi. Mkulima wa kweli hushika jembe lililopo akaenda zake shamba.

Nimeishi na methali hizi tangu nilipoanza tasnifu yangu ya uzamili, ambayo inamhusu mvuvi katika maandishi yetu. Nimesoma mashairi, riwaya, hotuba, na insha za majarida kama hili. Nimemkuta mvuvi amesimama juu ya ngalawa saa ya magharibi, jua likizama nyuma ya tanga. Nimemkuta akipigwa na dhoruba. Nimemkuta ameshakufa, na mkewe yuko pwani anangoja. Mahali ambapo sijamkuta ni dukani, mbele ya mashine mbili, akiuliza ipi inakunywa mafuta zaidi. Hoja yangu ni kwamba hapo ndipo akili yake inapofanya kazi kubwa kuliko yote, na mwandishi asiyemfuata mpaka hapo bado hajamjua.

Nianze na kitabu kilichowafundisha waandishi wengi namna ya kumtazama mvuvi: The Old Man and the Sea cha Ernest Hemingway, kilichotoka mwaka 1952. Mapema ndani ya riwaya, mzee Santiago anapiga makasia gizani huku akiwaza jinsi watu wanavyoiita bahari. Kihispania kinazigawa nomino kwa jinsi, ya kike na ya kiume. Wanaoipenda bahari, anawaza mzee, huiita kwa jinsi ya kike. Lakini wako vijana waliopata pesa kwa maini ya papa, wakanunua boti za mashine, na hao huiita kwa jinsi ya kiume, kama vile ni mshindani wao au adui. Kwa sentensi chache mashine imeshahukumiwa. Mwenye nayo hana mapenzi. Asiye nayo ndiye mwenye bahari.

Kiswahili hakiwezi kuipokea hukumu hiyo bila maelezo marefu. Bahari kwetu si mume wala mke. Imo katika ngeli moja na nyumba, na ndizi, na mashine yenyewe. Bahari imechafuka, mashine imezima: kiambishi ni kilekile. Sarufi yetu haimlazimishi mtu aamue nani anapenda na nani anapigana.

Tena Hemingway mwenyewe hakuwa mvuvi wa makasia. Mwaka 1934 alinunua boti aliyoiita Pilar, na ndani yake mlikuwa na mashine mbili: moja kubwa ya kusafiria, nyingine ndogo ya kuvulia kwa mwendo wa taratibu. Mtu hafikii mashine mbili kwa bahati. Lazima akae, apige hesabu, achague. Mwanzoni mwa 1954 alifika kuvua hata Shimoni, pwani ya Kenya, ng'ambo ya Mkondo wa Pemba kutoka kwetu. Hesabu zake za mashine hakumgawia Santiago hata moja. Alimpa tanga lenye viraka vya magunia ya unga, kwa kuwa tanga lenye viraka linapendeza kusomwa. Simlaumu kwa hadithi yake. Mzee angekuwa na mashine, papa wasingepata muda wa kumla yule samaki, na kitabu kingekwisha mapema. Ninalolikataa ni somo ambalo wengi wetu tumelichota humo: kwamba umaskini wa chombo ni utajiri wa roho.

Kwa upande wetu, ushairi umekuwa na desturi yake. Tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, chombo kikitajwa, msikilizaji hujiuliza ni nani aliyefumbwa: mtawala, mwanamke, au mji mzima. Hata Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyeijua bahari kwa mikono yake kabla ya kuijua kwa kalamu, wasomaji wengi huitafuta maana ya kimbunga chake nje ya bahari. Diwani yake ya Kimbunga ilitoka 1994, na kwenye semina tumezoea kuuliza kile kimbunga ni nini. Ni swali zuri. Lakini fumbo lina gharama yake. Chombo kikishakuwa nchi, hakuna anayeuliza kinavuja wapi.

Neno moja linatosha kuonyesha tulivyolisahau hili. Mjini tukisema hali ni shwari, tunashukuru. Kwa mvuvi wa tanga, shwari ni upepo uliokufa: yuko mbali na pwani, samaki wamo ndani ya chombo, jua linapanda, na hakuna kinachomsukuma. Anaweza kupiga kasia mpaka viganja vichubuke, na samaki wakaoza vilevile. Neno tunalolitumia kwa amani lina njaa ndani yake, na mashine ndiyo iliyoitoa njaa hiyo. Sijaona shairi linaloisifu mashine kwa jambo hilo.

Kwetu Konde bahari haionekani kutoka mlangoni. Ukielekea mashariki utafika Tumbe, kwenye soko la samaki. Ukielekea kaskazini magharibi utaingia msitu wa Ngezi, utokee Makangale na ufukwe wa Vumawimbi. Konde iko katikati, juu ya nchi kavu, na ndiyo maana ni mahali pazuri pa kuzungumza habari za bahari bila kulowa. Mwaka juzi, ami yangu na wenzake watatu walikuwa wakitafuta mashine. Walikuwa na mashua ya mbao iliyokuwa ikienda kwa tanga. Mbele yao palikuwa na mambo matatu: mashine ya farasi 40 ambayo tajiri mmoja alikuwa tayari kuitia kwenye mashua yao kwa mkopo, mashine ya farasi 15 iliyokwishatumika, ya aina inayochanganywa petroli na oili, na nyingine ya farasi 15, mpya, isiyochanganywa. Nilikaa nao barazani jioni nne, daftari mkononi. Nimehudhuria semina nyingi za uhakiki zenye hoja dhaifu kuliko zile.

Kwanza walikisoma chombo. Mashua ya mbao ina tumbo, nayo inapokwenda hulima wimbi lake yenyewe na kubaki ndani ya wimbi hilo. Ukiisha kufika mwendo huo, nguvu ya ziada haiongezi kasi kubwa. Inaongeza povu nyuma. Boti nyepesi ya faiba ni habari nyingine, kwa sababu inaweza kupanda juu ya maji na kuteleza. "Ukiitia arobaini," alisema ami, "itanyanyua maji. Yenyewe haitonyanyuka." Nimesoma sura nzima kuhusu umbo na maudhui ambazo hazikusema zaidi ya hapo.

Kisha mafuta. Mashine ya kuchanganya ya farasi 15, ikikazwa mpaka mwisho, hunywa takriban lita 7 kwa saa. Ya farasi 40 hukaribia lita 20. Mashine isiyochanganywa hunywa pungufu ya hapo, haina moshi mwingi, na kelele zake ni za kiungwana. Hapo nilidhani jambo limekwisha. Lakini wao walikuwa na swali jingine: ikizima, nani anaifungua? Mashine ya kuchanganya ina vitu vichache ndani. Fundi wa jirani anaijua kwa mikono, na plagi au kabureta husafishwa hata baharini. Ile nyingine ni nzito zaidi, ina sehemu nyingi, na spea zake huenda zikangojwa wiki. Na pwani zetu nyingi, maji yakitoka, huacha tope na mikoko kwa mwendo mrefu, na mashine haiachwi usiku chomboni. Hubebwa begani. Uzito wake ni suala la bega la nani.

Lakini jambo lililowagawa halikuwa mafuta wala uzito. Lilikuwa mgao. Baada ya safari, pesa za samaki hutolewa kwanza gharama: mafuta, chambo, barafu. Kinachobaki hugawanywa mafungu, na chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na mashine ina fungu lake. Mashine haivuti wavu, haipigwi na mvua, haina watoto, na inalipwa kama mtu, wakati mwingine kuliko mtu. Kwa hiyo kuchagua mashine ni kuchagua nani atakaa nanyi kwenye mgao kila siku. Mashine ya tajiri ingekuwa na fungu la tajiri. Mashine iliyonunuliwa kwa pesa za wote wanne ingelirudisha fungu lake mifukoni mwao.

Mdogo wao alitaka ile ya 40. Hoja yake haikuwa ya kitoto. Alisema samaki wa karibu wamepungua, na jodari na nduaro wako nje, kwenye mkondo wenye kina kirefu. Mwenye farasi 15 ataendelea kugombania yaleyale yanayogombaniwa na wote. Alisema mashua ndiyo inayowafunga, wala si mashine, na kwamba wangeiuza waingie kwenye faiba. Ami alimjibu, "Mwanangu, mkondo hauna fundi." Walinunua ile iliyotumika, ya kuchanganya, na tanga hawakulitupa. Yule kijana alikwenda kwa tajiri. Leo wote wanavua, na hawavui pamoja. Ziko safari anazorudi yeye na pesa ambazo ami hazioni kwa mwezi, na ziko safari ambazo mafuta yamekula kila kitu, naye anabaki na deni. Siwezi kukuambia msomaji nani alichagua vizuri. Naweza kukuambia kwamba ndugu wa chombo kimoja walitengana kwa hesabu ya lita, wala hakuna dhoruba iliyohusika.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Kwenye maziwa ya Ufini, Kanada na jimbo la Minnesota huko Marekani, mvuvi wa majira ya baridi hutembea juu ya maji yaliyoganda. Barafu ambayo sisi tunainunua ili samaki wasioze, yeye anaikanyaga, na lazima aitoboe ili afike kwa samaki. Mafundi wetu wa vyombo wana keekee, kitobozi cha mbao kinachozungushwa kwa uta; yeye ana keekee kubwa ya chuma, na siku hizi huzungushwa kwa mashine. Naye pia ana baraza lake. Ya petroli hutoboa kutwa nzima, lakini ni nzito, ina moshi, na inaweza kugoma kuwaka kwenye baridi kali. Ya betri ni nyepesi na haina moshi, lakini baridi hiyohiyo huila betri. Tundu pana humpitisha samaki mkubwa, ila linadai nguvu zaidi. Akikosea, anaweza kusimama juu ya ziwa lililojaa samaki asiwapate. Nikiyafikiria haya namwona mtu mzima mwenye akili, simwoni shujaa wala maskini wa kuhurumiwa.

Huyo ndiye ninayemkosa katika maandishi yetu. Kwenye mashairi mvuvi ni fumbo. Kwa Hemingway ni shujaa. Kwenye hotuba za uchumi wa buluu, ambazo Zanzibar tumezisikia sana tangu 2020, ni mpokeaji: boti zinahesabiwa, mashine zinahesabiwa, naye amepanga foleni akingoja kukabidhiwa. Na kwenye insha zetu za vijana tuliosoma ni kivuli mbele ya machweo. Sura zote nne zina kitu kimoja kinachofanana: hazimwachii achague. Anayepewa chombo na mungu, na serikali au na mwandishi hana haja ya kufikiri.

Najua jibu litakalokuja. Wapo watakaosema tanga ni urithi, mashine ni kelele na pupa, na samaki wanakwisha kwa sababu watu wanafika mbali mno. Kuhusu samaki wana haki ya kuuliza, na yule kijana aliliuliza kabla yao. Lakini mtu anayelilia tanga akiwa amepanda boti ya mashine kwenda Unguja kufanya mtihani, anamtaka mwenzake abaki nyuma ili yeye apate cha kutazama. Ikiwa tanga litaandikwa, liandikwe na mtu anayejua turubali lake limenunuliwa wapi, na miezi ya kusi lililala ndani siku ngapi.

Nazirudia zile methali. Mchagua jembe si mkulima: imesemwa kwa mtu mwenye majembe mengi na shamba lisilolimwa. Hao wanne hawakuwa hivyo. Walikuwa na pesa za mashine moja, na wakikosea wangelilipia kosa hilo miaka. Kwa mtu wa namna hiyo kuchagua ni sehemu ya kazi, na pengine ndiyo sehemu ngumu kuliko kuvuta wavu. Sitazamii mhariri yeyote akatae picha za machweo. Naomba tu, insha nyingine ya bahari ikija mezani kwake, amuulize mwandishi: hicho chombo kina mashine gani, na fungu lake anachukua nani?